Mwongozo Kamili wa Kubuni Programu ya Kuendeshea Sintesaiza kwa Kompyuta

Mtu wa Mbeya au Iringa akibahatika kununua sintesaiza (kinanda cha umeme kinachozalisha sauti zake chenyewe) iliyokwishatumika, iwe ni kwa ajili ya studio yake au ya kwaya, mara nyingi hukabidhiwa chombo chenye sauti nzuri na paneli ngumu. Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983, ni mfano ulio wazi: kila sauti yake imejengwa kwa vigezo 155, lakini paneli ina vitufe bapa, kitelezi kimoja cha kubadilishia thamani, na skrini ya mistari miwili yenye herufi 16 kila mmoja. Mpiga kinanda huona kigezo kimoja kwa wakati mmoja, na ndiyo maana wengi huishia kupiga sauti za kiwandani bila kuzigusa. Kompyuta ya kawaida inaweza kuondoa kikwazo hicho, kwa kuwa vigezo vyote hivyo hukubali kubadilishwa kwa ujumbe wa MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme na kompyuta huitumia kuwasiliana.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kubuni programu ya kazi hiyo, tangu kuunganisha kebo hadi kumkabidhi mpiga kinanda. Nimeichukua DX7 iwe mfano wa kufuatia, ila mwendo ni uleule kwa vyombo vya Roland, Korg na wengine. Jambo moja naliweka mbele ya mengine yote: kinachoonekana kwenye skrini lazima kiwe ndicho kilichomo ndani ya chombo. Programu ya kupendeza ambayo kitelezi chake kinaonyesha 70 huku chombo kikiwa na 45 ni mbaya kuliko paneli ya zamani, kwa sababu ile ya zamani ilimchosha mpigaji lakini haikumdanganya.

Hatua ya kwanza: umeme na kebo

Kabla ya kuandika msimbo wowote, soma kibandiko kilicho nyuma ya chombo. Sintesaiza iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na umeme wetu ni wa volti 230. Bila transfoma ya kupunguza, chombo hicho kitaungua siku ya kwanza. Chagua transfoma yenye uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko.

MIDI ya zamani hupita kwenye plagi ya pini tano, na kila kebo hubeba ujumbe upande mmoja tu, kutoka OUT kwenda IN. Kwa kuwa programu yako itahitaji kusema na kusikiliza, unahitaji njia zote mbili. Kwenye kiunganishi cha USB chenye vichwa viwili, kichwa kilichoandikwa IN kwa kawaida huingia kwenye OUT ya chombo. Usipopata ujumbe wowote, vibadilishane, hakuna kitakachoharibika. DX7 hutuma baiti ya FE mfululizo kuonyesha kwamba ipo hai. Ukiiona kwenye programu ya kuchungulia MIDI, jua kebo ya upande huo ni nzima, kisha iamuru programu yako iipuuze.

Kiunganishi chenyewe nacho kinahitaji kupimwa, kwa sababu baadhi ya vile vya bei ndogo hupitisha noti vizuri lakini hupoteza baiti katikati ya ujumbe mrefu. Chomoa sintesaiza, unganisha OUT ya kiunganishi kwenye IN yake yenyewe, tuma faili la benki nzima ya DX7 (sauti zake zote 32) lenye baiti 4,104, pokea kinachorudi, na ulinganishe baiti kwa baiti. Kikikosea hata baiti moja, tafuta kingine kabla ya kuendelea. Ukiruka kipimo hiki utatafuta makosa kwenye msimbo wako wakati makosa yapo kwenye kebo.

Hatua ya pili: ijue lugha ya chombo chako

Mwishoni mwa kitabu cha maelekezo cha karibu kila sintesaiza kuna jedwali la MIDI. Lisome kwa makini, kwani ndilo linaloamua programu yako itaweza nini. Vyombo hupokea mabadiliko ya vigezo kwa njia tatu.

Ya kwanza ni CC, yaani ujumbe wa baiti tatu wenye namba ya kidhibiti kuanzia 0 hadi 127 na thamani kuanzia 0 hadi 127. Ni rahisi na ya haraka, ila thamani 128 ni chache kwa kitu kama kichujio, ambapo sikio linaweza kusikia ngazi badala ya mteremko. Ya pili ni NRPN, ambayo hutuma CC 99 na 98 kutaja kigezo, halafu CC 6 na 38 kutaja thamani, na hivyo kufikia thamani 16,384. Ya tatu ni SysEx, ujumbe unaoanza na baiti F0 na kuishia na F7, ambao kila mtengenezaji huujaza kwa mpangilio wake. Baiti inayofuata F0 humtambulisha mtengenezaji: 41 ni Roland, 42 ni Korg, 43 ni Yamaha, zote kwa heksadesimali, yaani hesabu ya msingi wa 16.

Vigezo vya sauti vya DX7 hubadilishwa kwa SysEx. Ujumbe wa kubadilisha kigezo kimoja una baiti saba. Kwa mfano, kuweka kiwango cha opereta ya 1 (moja ya sehemu sita zinazozalisha sauti) kuwa 99 kwenye chaneli ya 1, utatuma:

F0 43 10 00 79 63 F7

Hapo 10 inabeba aina ya ujumbe pamoja na chaneli, 79 ni kigezo namba 121, na 63 ni thamani 99. Vigezo vinavyozidi 127 haviingii kwenye baiti moja ya MIDI, kwa hiyo baiti iliyotangulia hugeuka kuwa 01 na namba hupunguzwa 128. Algorithimu, yaani namna opereta hizo sita zinavyopangwa, ni kigezo namba 134. Kuchagua algorithimu ya 5 ni hivi:

F0 43 10 01 06 04 F7

Angalia kwamba thamani iliyotumwa ni 4 wakati skrini ya chombo itaonyesha 5, kwa kuwa chombo huhesabu kuanzia 0. Kabla ya kutuma chochote, ingia kwenye sehemu ya MIDI ya DX7 na uchague SYS INFO AVAIL. Ikibaki UNAVAIL, chombo kitakaa kimya hata msimbo wako ukiwa sahihi kabisa.

Hatua ya tatu: andika jedwali la vigezo kabla ya kuchora kitelezi

Wengi huanza kwa kuchora vitelezi kwenye skrini, kisha huandika namba za SysEx ndani ya kila kimoja. Programu ya namna hiyo huwa ngumu kurekebisha baada ya muda mfupi. Andika kwanza faili moja lenye safu kwa kila kigezo: namba yake, jina kama lilivyoandikwa kwenye chombo, thamani ya chini, ya juu, kundi lake, na namna thamani inavyoonyeshwa kwa mtumiaji. Msimbo wa kuchora na msimbo wa kutuma vyote visome faili hilohilo. Siku ukitaka kuhudumia chombo kingine, utabadilisha jedwali na kuiacha sehemu kubwa ya programu ilivyo.

Safu ya maonyesho ndiyo inayosahaulika. Kwenye DX7, kigezo cha kupotosha toni kidogo hutumwa kama 0 hadi 14, lakini mpigaji huona kuanzia −7 hadi +7. Kigezo cha kupandisha na kushusha ufunguo hutumwa kama 0 hadi 48, na 24 ndiyo kati, yaani C3. Uwiano wa masafa ukiwa 0 maana yake ni 0.50, si sifuri. Mtu anayesoma kitabu cha maelekezo huku akitazama programu yako anatakiwa akute namba zilezile.

Mpangilio wa opereta nao una mtego. Katika orodha ya DX7, opereta ya 6 hutangulia, ikiwa na vigezo 0 hadi 20, na ya 1 huja mwisho, vigezo 105 hadi 125. Kila opereta ina vigezo 21 kwa mpangilio uleule, kwa hiyo huna haja ya kuandika safu 126 kwa mkono. Andika 21 na uache msimbo uzizalishe nyingine. Kuanzia 126 ni vigezo vya sauti nzima, na 145 hadi 154 ni herufi kumi za jina.

Kuhusu zana sitasema mengi. Ukijua JavaScript, kivinjari cha Chrome na Firefox ya kuanzia toleo la 108 vina uwezo wa MIDI ndani yake, Safari haina. Lazima uombe ruhusa ya SysEx waziwazi unapofungua MIDI, na ukurasa utoke kwenye anwani salama au kwenye kompyuta yenyewe. Hiyo ya pili naipendekeza kwa mazingira yetu, kwa kuwa programu inayokaa kwenye kompyuta haili bando na haisimami mtandao unaposuasua. Pure Data, lugha ya kutengeneza programu za sauti kwa kuunganisha visanduku, ni bure na inatosha kwa majaribio. JUCE, maktaba ya msimbo wa programu za sauti, inafaa kama unataka programu ifanye kazi ndani ya programu ya kurekodia, ila inadai ujue C++. Kwenye Windows nyingi zilizopo mikononi mwa watu, mlango mmoja wa MIDI hushikwa na programu moja tu kwa wakati, kwa hiyo funga ile ya kurekodia kabla ya kudhani kwamba kiunganishi kimekufa.

Hatua ya nne: skrini iseme kweli

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Programu inapofunguliwa, haijui chochote kuhusu kilichomo ndani ya chombo. Kuna vyombo vinavyokubali kuulizwa: Roland nyingi zina ujumbe wa kuomba data, nazo hujibu kwa kutuma thamani zilizopo. Kama chombo chako ni cha aina hiyo, uliza kwanza, subiri jibu, kisha ndipo uchore vitelezi. Weka na ukomo wa kusubiri, ili kebo ikiwa imechomoka mtumiaji aambiwe hivyo badala ya kuachwa akitazama skrini iliyoganda.

Pale ambapo chombo hakiulizwi, programu ndiyo inayotakiwa kushika usukani. Tuma sauti nzima ya sasa kutoka kwenye programu, ili pande zote mbili zianze mahali pamoja. Kwa DX7, ujumbe wa sauti moja una baiti 163: sita za kichwa, 155 za vigezo, moja ya uhakiki, na F7 ya kufunga. Baiti ya uhakiki hupatikana kwa kujumlisha vigezo vyote 155, kugawa kwa 128, na kutoa baki kwenye 128. Jumla ikiwa 5,000, baki ni 8, na baiti ya uhakiki ni 120. Baki ikiwa 0, baiti nayo ni 0.

Ila kumbuka kwamba ujumbe huo hufuta kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya kazi ya chombo. Kama mpiga kinanda alikuwa amerekebisha sauti kwa mkono na hajaihifadhi, umemwondolea kazi yake. Kwa hiyo programu isitume chochote kwa kufunguliwa tu. Ianze na vitelezi vya kijivu na maneno machache yanayosema hali ya chombo haijulikani, kisha mtumiaji achague mwenyewe kati ya kutuma sauti ya programu na kupokea ya chombo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu mtu aliyepoteza sauti aliyoitengeneza kwa subira hataiamini tena programu yako.

Mabadiliko pia hutoka upande wa pili. Mpigaji akigusa paneli ya DX7, chombo hutuma ujumbe uleule wa baiti saba, na programu inapaswa kuusoma na kusogeza kitelezi husika. Hatari iliyopo ni mzunguko: kitelezi kikisogea, kinatuma ujumbe; chombo kikipokea, huenda kikajibu; kitelezi kikasogea tena. Dawa yake ni kutenganisha njia mbili ndani ya msimbo. Thamani iliyotoka kwa chombo ibadilishe jedwali na picha, lakini isipite kamwe kwenye njia ya kutuma. Thamani iliyotoka kwa kidole au kipanya ndiyo pekee inayotumwa.

Chombo kikibadilishwa sauti kwa kitufe, thamani zote ulizonazo zimepitwa na wakati kwa mara moja. Usiache vitelezi vikionyesha sauti iliyopita. Virudishe kwenye kijivu, au pokea data mpya ikiwa chombo kimeituma.

Hatua ya tano: usikisonge chombo

MIDI ya kebo ya pini tano huenda kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti hutumia biti kumi, kwa hiyo baiti moja huchukua mikrosekunde 320. Ujumbe wa baiti saba huchukua milisekunde 2.24, sauti nzima ya baiti 163 huchukua takriban milisekunde 52, na benki ya sauti 32 huchukua zaidi kidogo ya sekunde 1.3. Hizo ni kasi za waya tu. Kichakataji cha chombo cha miaka ya 1980 kinaweza kuhitaji muda zaidi kumeza kilichopokelewa, na kikizidiwa hupoteza ujumbe au hukwama.

Kitelezi cha kwenye skrini kikivutwa kwa haraka kinaweza kuzalisha mabadiliko mengi kuliko waya unavyobeba. Usiyapange kwenye foleni, kwa sababu sauti itaendelea kubadilika baada ya mkono kusimama, na mpigaji atahisi chombo kinamfuata kwa nyuma. Badala yake, kwa kila kigezo tunza thamani ya mwisho tu. Weka saa inayogonga kila baada ya milisekunde 20 au 30. Ikigonga, tuma thamani mpya za vigezo vilivyobadilika, na zile za katikati ziache zipotee. Jambo lisilosameheka ni kuipoteza thamani ya mwisho kabisa, ile ambayo kidole kiliiacha, kwa maana hapo ndipo skrini na chombo hutengana. Mkono ukiinuka, tuma mara moja zaidi.

Hatua ya sita: panga skrini kwa sikio la mpigaji

Kuonyesha vigezo 155 kwa pamoja ni kuhamisha ugumu wa paneli kwenda kwenye skrini. Jiulize mpigaji wa kwaya anatafuta nini anapogusa sauti: iwe nyororo au kali zaidi, ianze ghafla au polepole, ikae muda gani noti ikiachiwa. Majibu ya maswali hayo yakae mbele, na mengine yote yafunguke kwa kitufe.

Kwenye DX7, majibu hayo yanatokana na algorithimu. Opereta sita hupangwa kwa namna 32; baadhi ya opereta husikika zenyewe, na nyingine kazi yake ni kuzitikisa hizo. Ukiongeza kiwango cha opereta inayosikika, unaongeza ukubwa wa sauti. Ukiongeza cha inayotikisa, unaongeza ukali na ung'avu. Tofauti hiyo ni ya msingi mno kufichwa. Chora algorithimu iliyochaguliwa, na uzipe opereta zinazosikika rangi moja na zinazotikisa rangi nyingine, rangi ambazo hubadilika zenyewe algorithimu ikibadilika. Katika algorithimu ya 5 kuna jozi tatu: ya 2 hutikisa ya 1, ya 4 hutikisa ya 3, ya 6 hutikisa ya 5. Katika ya 32, zote sita husikika.

Kutokana na hapo unaweza kutengeneza kitelezi kimoja cha ung'avu kinachosogeza opereta za 2, 4 na 6 kwa pamoja. Kitu kimoja tu cha namna hii humsaidia mpigaji kuliko kurasa tano za vigezo. Kihesabu hivi: mkono unapokigusa, tunza viwango vitatu vya mwanzo, kisha kokotoa kila thamani mpya kutokana na viwango hivyo. Ukikokotoa kutokana na thamani ya sasa, opereta ikishagonga 99 itapoteza umbali wake na wenzake, na ukirudisha kitelezi chini sauti haitarudi ilivyokuwa.

Bahasha ya sauti, yaani namna inavyopanda na kushuka, ichorwe kama mstari wenye nukta za kuvutwa. DX7 ina kasi nne na viwango vinne, vyote 0 hadi 99. Kasi ya 99 ni ya haraka kabisa, kwa hiyo kwenye mchoro kasi kubwa iwe umbali mfupi. Kiwango cha 4 ndicho sauti inapoanzia na ndicho inaporudi noti ikiachiwa. Mchoro unaoanza siku zote kwenye sifuri si sahihi.

Yaliyobaki ni ya mkono. Kitelezi kirefu ni rahisi kuliko nobu ya kuzungushwa kwa kipanya. Ukitaka nobu, ifuate mvuto wa juu na chini. Ruhusu mishale ya kibodi kusogeza thamani moja moja, na kubofya mara mbili kurudishe thamani ya mwanzo. Kama programu itatumika kwenye kishikwambi, sehemu ya kugusa isipungue milimita 9 hivi, hasa kwa mpigaji wa Makete au Njombe ambaye vidole vyake mwezi wa Julai vina baridi. Weka pia njia ya kutengua, yenye hatua nyingi, kwa sababu kutengeneza sauti ni kujaribu na kurudi.

Hatua ya saba: hifadhi, kisha kaa nyuma ya mpigaji

Umeme hukatika. Kila badiliko liandikwe kwenye diski ya kompyuta ndani ya sekunde chache bila kuombwa, na programu ikifunguliwa tena iitoe kazi hiyo kama ilivyoachwa, ikiwa bado haijatumwa kwa chombo. Sauti zilizokamilika zihifadhiwe kama faili la SysEx halisi, ambalo programu nyingine yoyote inaweza kulisoma. Kumbuka kwamba katika faili la benki ya DX7 kila sauti hubanwa kuwa baiti 128, vigezo kadhaa vikishiriki baiti moja, kwa hiyo huwezi kunakili baiti 155 moja kwa moja. Fungua benki, ifunge tena, na uhakikishe baiti zote 4,104 zimerudi zilezile. Kabla ya kutuma benki kwenye chombo, ulinzi wa kumbukumbu uzimwe, na benki iliyomo ipokelewe na kutunzwa kwanza. Betri ndogo iliyo ndani ya DX7 ndiyo inayoshikilia sauti zake 32. Ikiisha, nakala iliyo kwenye kompyuta ndiyo itakayobaki.

Kisha mpe programu mpiga kinanda ambaye hakuhusika kuitengeneza, umwombe ageuze sauti ya piano ya umeme iwe nyororo kwa ajili ya wimbo wa taratibu, na ukae nyuma yake bila kusema neno. Andika kila mahali mkono wake unaposita na kila kitelezi anachokigusa kikakosa kufanya alichotarajia. Katikati ya jaribio chomoa kebo, irudishe, badilisha sauti kwa kitufe cha chombo, zima chombo na ukiwashe. Baada ya kila tukio, linganisha skrini ya kompyuta na ya chombo kwa vigezo vichache ulivyovichagua mapema. Zikitofautiana bila vitelezi kugeuka kijivu, rudi hatua ya nne kabla ya kuongeza kitu kingine chochote.